Mwembe wa Wakfu na Msumeno wa Mnyororo

Aghlabu nyumba za pwani hazikosi mti uani. Kama si mwembe ni mfenesi, kama si mfenesi ni mnazi au msufi, na mti huo huwa umepandwa na babu ambaye katika walio hai hapana hata mmoja aliyemwona. Watu hukaa kivulini mwake, watoto huokota matunda yake, na miaka hupita pasipo mtu kuinua kichwa kuutazama juu. Khalafu huja siku ya upepo wa kusi au mvua ya masika, tawi likaanguka, na hapo ndipo wenye nyumba huulizana: Tuukate au tuuache? Na tukiukata, tumpe nani kazi hiyo? Maswali haya yalitufikia sisi wenyewe mwaka jana katika chuo tunachosomesha, na kwa kuwa tulikaribia kufanya kosa kubwa ambalo Mwenyezi Mungu alituepusha nalo, tumeona si vyema kuyaficha kwa wasomaji wetu.

Mwembe wetu ulisimama baina ya chuo na kisima cha msikiti, katika ardhi aliyoiweka wakfu bibi mmoja wa mji wetu, Mungu amrehemu, zamani kabla ya kuzaliwa kwetu. Kipenyo cha shina lake kilikuwa kadiri ya futi 2 na nusu, na matawi yake yalifunika nusu ya bati la chuo. Katika masika tawi moja lilivunjika usiku likatoboa bati palepale wanapokaa watoto wa juzuu amma. Lau lingeanguka saa tatu asubuhi, tusingekuwa na moyo wa kuandika maneno haya. Kulipopambazuka tuliutazama mti kwa macho mapya. Upande wa kisima ulikuwa umeota uyoga mgumu mfano wa vibao vilivyopachikwa shinani, na uyoga wa namna hiyo ni dalili ya kuwa ndani mnaoza, hata kama juu majani ni mabichi na embe zimejaa.

Wazee walikutana. Mchoma makaa mmoja alitaka kuukata bure, kwa sharti kuni zote ziwe zake. Kijana mwingine mwenye msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi huuita chenso, alitaka ujira mdogo mno. Alisema ataukata chini mara moja, na kamba itafungwa juu ili watu wauvute uangukie upande wa njia. Alichohitaji ni mikono ya kuvuta. Nasi tukaona hilo ni jambo jepesi, tukawaamuru wanafunzi wetu wakubwa, wavulana kumi na watano, wahudhurie siku ya Jumamosi baada ya alfajiri. Tulijiona tumeokoa fedha ya chuo.

Siku ya Alkhamisi alikuja mzee mmoja kumtazama mjukuu wake anayesoma kwetu. Mzee huyo amefanya kazi ya kupasua mbao tangu ujana wake, na mkono wake wa kushoto umepungua kidole. Aliuzunguka mwembe polepole, akaugonga kwa mgongo wa panga mahali mbalimbali, akatega sikio. Kisha akatuuliza, "Maalim, ni nani watakaovuta kamba?" Tukamjibu kuwa ni wanafunzi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kamba hii ikikatika, au mti ukikataa kwenda walikotaka, utawaambia nini mama zao?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimkaribisha barazani, tukamwomba atufahamishe.

Alitueleza kwamba mti hauangushwi kwa kuvutwa. Huangushwa kwa kata mbili. Kwanza hukatwa mdomo upande unaotakiwa mti uangukie, kwenda ndani kadiri ya robo ya unene. Kisha hukatwa kwa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini msumeno haufikishwi mdomoni. Baina ya kata mbili huachwa ukanda wa mti mzima, kadiri ya sehemu moja katika kumi ya unene, na ukanda huo hufanya kazi ya bawaba ya mlango: ndio unaouongoza mti unapolala. Sasa, mti uliooza ndani hauna bawaba. Huweza kupasuka kwenda juu, ukamrudia aliyeukata, au ukajipindua kuelekea usikotakiwa. Na anayeuvuta kwa kamba fupi amesimama mahali hasa utakapoangukia. Mambo haya yote yalikuwa wazi mara tu tulipoambiwa, na jambo lililo wazi baada ya kuambiwa ndilo lililotutia haya zaidi.

Njia salama, akasema, ni kuushusha kutoka juu, kipande kwa kipande, na anayepanda awe amefungwa. Alikuwa na mpwa wake ajuaye kazi hiyo.

Sisi watu wa pwani twamjua mkwezi wa minazi, ambaye huchanja vidato shinani akapanda kwa mikono na miguu, na sifa yake ni wepesi. Kazi ya kijana yule ilikuwa nyingine kabisa, na sifa yake ilikuwa taratibu. Alivaa kofia ngumu na mkanda mpana wa kiunoni na mapajani, naye alikuwa na kamba mbili. Hakuifungua ya kwanza hata mara moja kabla ya kuifunga ya pili mahali pa juu zaidi. Vitawi vidogo alivikata kwa msumeno wa mkono. Chenso ndogo ilining'inia kiunoni mwake kwa ugwe, ikiwa imezimwa, nayo hakuiwasha mpaka alipokwisha kukaa imara. Kila tawi kubwa lilifungwa kamba kabla ya kukatwa, na kamba hiyo ilipitishwa katika panda ya juu, ikashuka chini, ikazungushwa mara tatu katika shina la mnazi ulio karibu. Hapo tuliona ajabu. Mzee mwenyewe, aliye mwembamba kama ufito, alilishusha tawi lililomshinda uzito mara nyingi kwa kuilegeza kamba kidogo kidogo, kwa kuwa mizunguko ile mitatu ndiyo iliyobeba mzigo. Wanafunzi walikaa mbali ng'ambo ya njia, nao walijifunza siku ile zaidi ya tulivyowafundisha kwa mwezi mzima.

Kazi ilichukua siku mbili, na hapana bati lililopata hata mkwaruzo.

Yafaa tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe, maana siku hizi chazungushwa mitaani kama jembe, wala si jembe. Mnyororo wake huzunguka ubapa wa chuma kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata jino moja. Khatari kubwa iko katika ncha ya ubapa kwa upande wa juu: ncha hiyo ikigusa mti, msumeno wote huruka kuelekea uso wa mwenyewe kabla hajapata kufikiri. Kwa ajili hiyo misumeno ya sasa ina breki mbele ya mkono, ambayo husimamisha mnyororo ikisukumwa. Kijana wa kwanza, tuliposhika msumeno wake tukautazama, breki yake ilikuwa imevunjika na kufungwa kwa waya. Kelele nazo huua masikio polepole. Mzee wetu yampasa aitwe mara tatu ndipo ageuke, naye asema katika ujana wao hawakujua kuziba masikio.

Meno ya mnyororo yana hadithi yake, nayo yapendeza kusimuliwa chuoni. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa petroli mwaka 1929, lakini minyororo ya zamani hizo ilikuwa na meno ya kukwaruza, ikichoka upesi na kutaka kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, jina lake Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni akamwona funza ndani ya kisiki, akila mti kama apendavyo, kwa kufuata nyuzi zake na kwa kuzikata. Akamchunguza, akaona taya zake zakata kushoto na kulia kwa zamu. Akatengeneza meno ya mnyororo kwa mfano wa taya hizo, na mwaka uliofuata akaanzisha kiwanda. Misumeno iliyojaa ulimwenguni leo ingali yatumia mfano huo. Mwalimu wa kazi hii, basi, alikuwa funza.

Shina lilipolala chini, likikatwa mapande, ilibaki kazi ya kupasua. Kipande cha urefu wa mita moja cha mwembe mbichi wa unene ule hakipungui kilo 300, kwa hiyo ni rahisi kuupeleka msumeno kwenye gogo kuliko kulipeleka gogo kwenye kiwanda. Tukiwa wanafunzi wa skuli ya msingi tuliwaona wapasuaji wa milima ya Usambara wakifanya hivyo kwa msumeno mrefu wa watu wawili: gogo juu ya shimo, mmoja amesimama juu akifuata mstari, mwenziwe chini akipokea vumbi la mbao machoni. Mzee wetu alikuwa mtu wa chini kwa miaka saba, na asema mtu wa chini ndiye afanyaye kazi na wa juu ndiye asifiwaye.

Chenso hupasua kwa msaada wa fremu ya chuma inayofungwa kwenye ubapa. Ubao ulionyooka hupigiliwa juu ya gogo, fremu ikateleza juu yake, na kata ya kwanza ikitoka sawa, zote zinazofuata hutoka sawa. Ikienda mrama, gogo zima limeharibika. Mnyororo wa kupasulia hunolewa kwa pembe ya nyuzi kadiri ya 10, ilhali wa kukatia kwa kawaida ni nyuzi 30, na asiyejua tofauti hiyo hupata mbao zenye mawimbi na msumeno uliochoka. Ila chombo hiki kina ulafi. Kila kata hula karibu theluthi ya inchi, kwa hiyo mwenye kupasua mbao za inchi moja hupoteza ubao mmoja kwa kila tatu apatazo, wote umekuwa vumbi. Fundi akaturai tupasue za inchi mbili, nasi tukakubali.

Juu ya ujira palizuka mabishano. Desturi ya mahali pengi ni kugawana mbao na fundi. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa mti wa wakfu ukikauka hautoki katika wakfu, bali gogo lake hufaidiwa kwa ajili ya kilekile kilichokusudiwa. Wazee wakaona hatuna haki ya kumpa mtu mbao za yule bibi, wala kumpa mchoma makaa. Pakachangwa fedha, na fundi akalipwa taslimu. Aliyenung'unika sana katika mchango ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoa, na hatutamtaja. Serikali ya kijiji nayo tuliijulisha kabla ya kuanza, na mwenye mvule, mninga au mpingo uani kwake asidhani mambo ni yaleyale: miti hiyo ina masharti yake katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kusafirisha mbao bila ya kibali ni kujitafutia kesi.

Mwembe si mti wa kuchezea ukiisha kupasuliwa. Wavuvi wetu huupenda kwa mitumbwi na ngalawa, lakini mbao zake zikiachwa chini juma moja huingia weusi na wadudu watoboao. Tulizipaka dawa siku ileile, ncha zake tukazipaka rangi ya mafuta zisipasuke, kisha tukazipanga nyuma ya chuo chini ya makuti, juu ya matofali, na baina ya kila ubao na mwenziwe tumeweka vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Mawe mazito yamewekwa juu yake zisijipinde. Hesabu ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi, kwa hiyo za kwetu zataka miaka miwili. Zikikauka, inshallah, zitakuwa marufaa na mabenchi.

Kwa sasa jua lapiga bati tangu saa nne, na watoto wa juzuu amma tumewahamishia barazani mwa msikiti mpaka adhuhuri.