Keki za Mahafali Waachiwe Wanafunzi

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, tuliahidiwa elimu ya kazi za mikono. Ajabu ni kwamba, katika mahafali ya shule moja hivi majuzi, vikeki vilinunuliwa mjini ilhali wanafunzi wa sayansi kimu wameketi wakivitazama! Hawa wangeoka hata bila tanuri: sufuria, mchanga uliopashwa moto, jiko la makaa, na vikombe vya karatasi vijazwe theluthi mbili tu, kwani mchanganyiko huumuka. Kisha wangoje (hapo ndipo vijana hushindwa) keki zipoe kabisa, la sivyo urembo wa siagi na sukari utayeyuka. Ufunguo wa chumba cha upishi, niliambiwa, alikuwa nao mwalimu mkuu.