Msitu Haukukauka, Faili Ndiyo Haikusomwa

Kila El Niño ikitajwa, simu yangu hujaa ramani. Nyekundu huku, njano kule, na swali lilelile chini yake: "Daktari, Homa ya Bonde la Ufa inakuja kwetu?" Nami huuliza: hii picha ilipigwa lini, na setilaiti gani? Kimya.

Kwanza, setilaiti haioni mbu wala kirusi. Wala haijakaa juu ya kijiji chenu ikichungulia mchana na usiku. Inapita, na ikikuta mawingu inapiga picha ya mawingu. Inachopima ni ukijani wa majani. Mvua ikizidi majani hushamiri, madimbwi hujaa, na mayai ya mbu aina ya Aedes waenezao homa hiyo, yaliyolala udongoni, huanguliwa. Kwa ukijani huo, pamoja na vipimo vya mvua na joto la bahari, mwaka 2006 watafiti waliionya Afrika Mashariki kabla homa haijalipuka. Waliweza kwa sababu walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za kulinganisha.

Na kumbukumbu hulinganishika pale tu kila picha inapokuwa na kadi yake, yaani metadata: siku, saa, pembe ya jua, kiasi cha mawingu, toleo la uchakataji. Nani atapima bomba la damu lisilo na jina?

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea grafu ya ukijani wa msitu ulioporomoka ghafla Januari 2022. Alikwishaandika "ukame". Niliangalia tarehe nikacheka. Kuanzia tarehe 25 mwezi huo, Shirika la Anga la Ulaya liliongeza 1,000 kwenye kila thamani ya picha za Sentinel-2, ili sehemu zenye giza sana zisipotee chini ya sifuri. Mtumiaji anatakiwa kuitoa, na kadi inamwambia hivyo. Asipoitoa? Chukua pikseli ya msitu mnene: infraredi 3,000, nyekundu 500. Tofauti ni 2,500, jumla 3,500. Gawanya tofauti kwa jumla, unapata kipimo cha ukijani: 0.71. Sasa ongeza 1,000 kila upande. Tofauti inabaki 2,500 ileile, lakini jumla imepanda hadi 5,500. Jibu: 0.45. Hakuna hata jani moja lililoanguka!

Tena, picha nyingi za zamani zimechakatwa upya kwa mtindo huo, hivyo tarehe ya kupigwa picha peke yake haikuokoi. Kwa sababu kama hiyo, jina la faili la setilaiti za Landsat hubeba tarehe mbili, ya kupigwa na ya kuchakatwa, zikitanguliwa na namba ya eneo. Mzoefu akiona 168061 anajua ni upande wa Nairobi.

Ushauri ni mfupi. Mtafiti, usibadili jina la faili, hifadhi kadi pamoja na picha, andika toleo ulilotumia. Hifadhi ya Landsat, iliyoanza 1972, ni bure tangu 2008. Ukikosea unaweza kupakua tena.

Ama wale wanaouza "ramani ya setilaiti ya malaria" mitandaoni, pamoja na dawa ya kujikinga, waombeni tarehe ya picha na jina la setilaiti. Mimi nimewaomba mara kadhaa. Wamenizuia.