Umri na Jinsia katika Homa ya Ini

Tuchukue mfano wa watu wawili walio Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi: dereva wa lori na mtoto mchanga. Wote wameingiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Dereva aweza kuugua majuma kadhaa, macho yakawa ya manjano, kisha akapona. Mtoto haonyeshi dalili yoyote, lakini hatari yake ni kubwa zaidi.

Kinachojeruhi ini hasa ni kinga ya mwili, ishambuliapo chembehai zilizovamiwa. Kinga ya mtoto mchanga haijakomaa, hivyo virusi hustarehe. Kati ya watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 hubaki navyo. Kwa watu wazima hawafiki 5.

Miongoni mwa wabebaji hao wa kudumu, wanaume hupata saratani ya ini kuliko wanawake, mara mbili au zaidi. Homoni za kiume huchochea virusi; za kike huvipunguza nguvu.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2002. Shirika la Afya Duniani hushauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mama mjamzito na apimwe mapema, wala asingoje dalili.