Foleni ambayo haipo

Wiki iliyopita ujumbe ule ule uliingia tena kwenye simu yangu, safari hii kutoka kwa kijana wa Mbeya anayefanya utafiti Ujerumani. "Shikamoo Mwalimu. Mkataba wangu wa pili unakaribia kuisha, na profesa ananikubali sana. Nikivumilia mwaka mmoja au miwili, si watanipa ajira ya kudumu?" Nikaandika "Marahaba", na kabla sijaendelea simu ikanipendekezea neno linalofuata: "hapana". Imeshanizoea.

Najua swali hili linatoka wapi. Kwetu, aliyeajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi ameshashika ngazi. Anakwenda kusoma uzamivu, anarudi, anachapisha, anapandishwa: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Yote hayo ndani ya chuo kimoja, mara nyingi idara moja, pengine kwenye meza ile ile inayoyumba mguu. Anayechelewa anachelewa, lakini yumo. Ndiyo maana wazazi, wachungaji, mashemeji na hata wenzangu wa taaluma wanamwandikia kijana dawa moja: mvumilivu hula mbivu.

Kwa mtafiti aliyeko chuo kikuu cha Ujerumani, dawa hiyo ni sumu, na nimechoka kuona watu wenye akili zao wakiinywa.

Sheria inayotawala mikataba ya muda ya watafiti nchini humo ni ya mwaka 2007. Inampa mtafiti miaka sita ya mikataba ya muda kabla ya kupata uzamivu na mingine sita baada yake. Wa fani ya tiba wanapata tisa baada ya uzamivu. Uliyemaliza uzamivu kwa miaka minne unabeba ile miwili iliyobaki. Mwenye mtoto anaweza kuongezewa miwili kwa kila mtoto. Zaidi ya hapo, saa inakwenda, na inakula hata mkataba wa nusu siku kana kwamba ni wa siku nzima, maadamu unafanya kazi zaidi ya robo ya saa za kawaida. Wangapi wamekubali nusu mshahara wakidhani wananunua muda! Hawakununua kitu.

Miaka ikiisha, chuo hakina ruhusa ya kukupa mkataba mwingine wa aina hiyo. Ni ajira ya kudumu au mlango, na nafasi za kudumu chini ya uprofesa ni chache, kwa hiyo kwa wengi ni mlango. Upo upenyo wa pembeni, ule mkataba unaofungwa na fedha za mradi kutoka nje ya chuo, ambao unaweza kuendelea hata baada ya ile miaka kumi na miwili. Lakini huo hufa pamoja na mradi, na mradi wa kawaida wa DFG, shirika kubwa la kufadhili utafiti Ujerumani, hupewa fedha za hadi miaka mitatu kwa mkupuo.

Kwa hiyo mwaka wa kuvumilia haukusogezi mbele. Unakatwa kwenye salio. Ni kama vocha: mazungumzo yawe matamu namna gani, dakika zinaisha, na sheria haimuulizi profesa kama bado anakukubali.

Barua yangu mwenyewe ya mkataba wa tatu, kutoka chuo cha huko ambacho sina haja ya kukitaja, ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Kifungu cha kwanza kilitaja tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na miezi saba. Cha pili kilitaja ile sheria. Yaliyofuata yalihusu likizo na funguo za ofisi. Mababu zetu waliitwa vibarua kwa sababu ya barua ndogo, kile kikaratasi cha kuhesabia siku zao za kazi. Nilikaa na karatasi yangu jikoni, nikiwa na shahada ya uzamivu ukutani, nikalielewa neno hilo upya.

Nikisimulia hayo, mtu hunijibu: "Lakini profesa ameniahidi." Profesa hatembei na ajira ya kudumu mfukoni. Anachotembea nacho ni fedha za mradi, ambazo na yeye anaziomba kama wewe unavyomwomba. Kiti cha uprofesa kikiwa wazi hutangazwa, kamati huketi, na kwa desturi iliyoingia hata kwenye sheria za majimbo, chuo hukwepa kumteua mtu wake wa ndani ambaye hajawahi kutoka. Yaani kule kukaa pale pale hadi mlinzi wa getini anakuita kwa jina, jambo ambalo kwetu ni sifa, kule ni doa.

Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2021 kuhusu watafiti chipukizi ilikuta kwamba kati ya watumishi wa taaluma wa vyuo vikuu walio chini ya umri wa miaka 45, ukiwaondoa maprofesa, asilimia 92 walikuwa kwenye mikataba ya muda. Asilimia 92! Kama hiyo ni foleni, naomba nionyeshwe dirisha.

Wala si siri. Wizara ya elimu na utafiti ya shirikisho iliwahi kutengeneza katuni ya kuitetea sheria hii, yenye mwanabiolojia aitwaye Hanna, ikieleza kuwa watu wanapaswa kupishana ili kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Kuziba, kama takataka kwenye bomba. Juni 2021 Amrei Bahr, Kristin Eichhorn na Sebastian Kubon wakaanzisha mtandaoni kaulimbiu #IchBinHanna, yaani "Mimi ni Hanna", na maelfu ya watafiti wakaanza kuhesabu hadharani mikataba yao. Katuni ikaondolewa. Sheria ikabaki. Rasimu ya kuirekebisha ilifika bungeni mwaka 2024, serikali ya mseto ikavunjika Novemba, na rasimu ikaishia hapo.

Wapo pia wanaonitumia picha ya ile nembo ya Tume ya Ulaya ambayo vyuo huiweka kwenye tovuti zao, ya kwamba vinawatendea watafiti vyema. Nembo hiyo inatokana na Mkataba wa Ulaya wa Watafiti wa mwaka 2005, uliofanyiwa upya Desemba 2023. Ni hati nzuri, nimeisoma, na inalitaja tatizo kwa jina lake. Ni mapendekezo. Nembo haisaini mkataba wa mtu.

Sasa la kufanya, harakaharaka, maana nafasi imeniishia. Ukiwa bado hujaondoka nyumbani na una ajira ya chuo, omba likizo ya masomo. Usijiuzulu kwa furaha ya viza. Ukichagua pa kusomea uzamivu, tazama Uholanzi na nchi za Skandinavia, ambako mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, pensheni na likizo ya uzazi. Uingereza, mikataba ya muda inayofuatana ikifika miaka minne inageuka ya kudumu isipokuwa mwajiri awe na sababu ya msingi, ingawa fedha zikikauka bado unaweza kupunguzwa. Huko pia waraka wa vyuo wa mwaka 2019 unakupa siku kumi kwa mwaka za kujiendeleza, na wengi hawaziombi. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa kwenda kufanya utafiti Ulaya baada ya uzamivu, uko wazi kwa uraia wowote, lakini usiwe umepita miaka minane ya utafiti tangu uzamivu, wala usiwe umeishi nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Ukibaki Ujerumani, tafuta uprofesa wa mwanzo wenye njia ya kuthibitishwa (nafasi 1,000 zilitengewa fedha katika mpango ulioanza mwaka 2017), na jifunze Kijerumani cha mikutano, si cha sokoni. Mkataba ukiisha usifungashe kwa hofu: katika nchi zinazofuata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2016, mtafiti wa kigeni ana angalau miezi tisa ya kutafuta kazi, na kazi hiyo si lazima iwe ya chuo.

Kabla ya yote hayo, iandikie ofisi ya utumishi, kwa maandishi, uulize imebaki miezi mingapi kwenye hesabu yako. Usimuulize profesa.

Kijana wa Mbeya ameuliza. Jibu lilimjia kwa barua pepe ya mistari miwili: miezi 11. Jana usiku alinitumia majina ya maabara mbili za Uholanzi, na rasimu ya barua ya maombi yenye makosa matatu tu.