Mtoto anaota kuwa Samatta? Mwambie na habari za Tenga

Muulize kijana yeyote anayecheza chandimu mitaa ya Katandala au Chanji, mjini Sumbawanga, anataka kuwa nani akikua. Wengi watamtaja Mbwana Samatta, na wana haki. Alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akahamia Genk ya Ubelgiji, kisha Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Jina la Leodegar Tenga huenda hawalijui. Wazazi wao, au pengine babu zao, wanalijua.

Tenga alikuwa beki wa kati, akacheza Yanga na baadaye Pan African. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars iliyofuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Stars waliifunga Zambia bao 1-0 Dar es Salaam, wakaenda Ndola kwenye mechi ya marudiano mwaka 1979 na kutoka sare ya 1-1 kwa bao la Peter Tino. Lagos kulikuwa kugumu. Walifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka 1-1 na Ivory Coast. Hawakuvuka kundi. Lakini ilichukua miaka 39, hadi 2019, Tanzania kurudi kwenye fainali hizo.

Mpira wa wakati ule haukumpa mchezaji mamilioni. Wengi wa kizazi hicho, soka ilipoisha, walianza maisha upya wakiwa na miaka thelathini na kitu, na si wote waliofanikiwa. Tenga alikuwa na kitu mkononi: ni mhandisi. Alipotundika daluga alikuwa na kazi ya kufanya, na mpira haukumtupa. Desemba 2004 alichaguliwa rais wa TFF. Katika uongozi wake Stars ilifundishwa na Mbrazili Marcio Maximo na kufuzu CHAN ya kwanza, mwaka 2009. Aliongoza pia CECAFA. Mwaka 2013 hakugombea tena urais wa TFF, jambo ambalo kwa viongozi wa michezo wa Afrika si la kawaida sana. Baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Viwanda Tanzania, na mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa.

Habari hizi zina maana yake kwa mzazi wa Ufipa. Uwanja wa Nelson Mandela uliwahi kuwa nyumbani kwa Tanzania Prisons, na Oktoba 2020 Simba ilifungwa hapo 1-0. Mtoto akishaona mambo hayo yanatokea mjini kwao, haoni sababu ya kusubiri. Ndipo anapokuja mtu kusema kijana ana kipaji, aache kidato cha pili aende Dar es Salaam, na nyumbani ziuzwe gunia kadhaa za mahindi kwa ajili ya nauli na "usajili". Mtu huyo aulizwe mambo mawili kabla ya gunia hata moja kutoka ghalani: mtoto atasoma shule gani, na akivunjika mguu nani atamtibu?

Swali la pili si la utani. Goti lililochanika kano linaweza kumweka mchezaji nje miezi tisa au zaidi, na upasuaji wake haufanyiki kila hospitali. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 kuna tatizo jingine, dogo lakini linalosumbua: maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa unapochomoza. Mifupa yao bado inakua, na kukimbia na kuruka kila siku huvuta sehemu ambayo haijakomaa. Dawa kubwa ni kupunguza mazoezi hadi maumivu yapoe. Kumchua kwa nguvu au kumwambia avumilie "kama mwanaume" kunazidisha.

Baridi ya Juni na Julai huku juu pia ihesabiwe. Mtoto apashe mwili dakika 15 hadi 20 kabla ya mechi: kukimbia taratibu, kuchuchumaa na kusimama, kusimama kwa mguu mmoja.

Na kuna sahani. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolisha wengine mahindi. Ugali peke yake haujengi mchezaji. Maharage yapo, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wapo, na wanahitajika zaidi kabla mtoto hajafikisha miaka miwili, wakati bado hajui hata kupiga mpira.

Akigongwa kichwa uwanjani, atoke na asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa au akiwa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali usiku huohuo.