MAJI KABLA YA KUTA



Msimu wa karafuu ukiisha na wachumaji wakishalipwa haki yao, wengi wetu hutia nia ya kujenga nyumba ndogo shambani. Nia hiyo ni njema. Lakini twahesabu matofali, mabati na milango, na habari ya maji twaiacha mpaka nyumba imekwisha kuezekwa. Mimi nami nilifanya hivyo, na hasara yake naijua.

Kwanza, kisima na choo. Fundi wangu alichimba shimo la choo penye udongo laini, kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi. Baadaye tukapata maji hatua 12 tu kutoka hapo, upande wa bondeni. Maji yalikuwa baridi na safi machoni, na nyumbani wakafurahi. Lakini nilipofikiri yapitako, sikuthubutu kumpa mtoto anywe. Maji ya chini ya ardhi hutembea, na uchafu wa shimo hutembea nayo. Kisima kile tulikifukia, na fedha ya karafuu ikafukiwa humo. Basi choo na karo viwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu.

Pili, walio karibu na pwani wafahamu kwamba maji matamu hulala juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukichimba kupita kiasi, au ukivuta kwa pampu bila kupumzisha, chumvi hupanda. Tena pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi. Kisima kirefu chataka pampu ya kuzamishwa.

Tatu, mvua. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Paa la mita 8 kwa 6, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 960. Hata robo ikipotea, zabaki lita 720. Masika na Vuli zote hupita juu ya mabati yetu. Aliyetia michirizi na tangi ndiye afaidiye. Maji ya mwanzo yamwagwe, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu wasizae humo.

Nne, tangi na mabomba. Maji hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo tangi lazima liwe juu ya mfereji ulio juu kuliko yote nyumbani. Lakini lita 1,000 ni tani nzima. Mwashi aambiwe kabla ya kuweka msingi, si baada ya ukuta kupasuka. Kila tawi la bomba liwe na koki yake. Na kabla ya kupiga lipu, mabomba yajazwe maji na kuachwa usiku kucha. Panapovuja pataonekana asubuhi, na kukaza kiungo ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.

Mwanachama anayejenga mwaka huu na ashike kamba, apime pa choo, pa kisima na pa tangi, kisha ndipo amwite mwashi.

Katibu wenu