Istilahi "Isiyo na Umbo" na Mpangilio wa Atomu katika Silikoni Amofasi

Neno "amofasi" lina asili ya Kiyunani: kiambishi kanushi pamoja na shina lenye maana ya "umbo", ambalo ndilo lililozaa "mofolojia" na "mofimu". Mfasiri anayefuata etimolojia ataandika "isiyo na umbo". Makala haya yanaonyesha kuwa tafsiri hiyo inapotosha.

Katika fuwele ya silikoni, kila atomu imeungana na majirani wanne, kwa umbali wa takriban nanomita 0.235 na pembe ya nyuzi 109.5. Ruwaza hiyo hujirudia katika fuwele nzima. Katika silikoni amofasi, karibu kila atomu bado ina majirani wanne, na pembe hupotoka kwa takriban nyuzi 10 tu. Kinachotoweka ni urudiaji: baada ya hatua chache, mahali pa atomu ya mbali hapatabiriki tena.

Eksirei hutoa wastani wa umbali baina ya atomu, si mahali pa kila atomu. Ndiyo maana modeli zinahitajika. Mwaka 1932 Zachariasen alipendekeza, kuhusu kioo, dhana ya mtandao nasibu endelevu. Mwaka 1971 Polk aliunda kwa mikono modeli ya atomu zipatazo 440 iliyohifadhi majirani wanne bila kuwa fuwele. Mwaka 1985 Wooten, Winer na Weaire walitumia kompyuta kubadilishanisha viungo vya fuwele ya atomu 216, hadi pete za atomu tano na saba zikajitokeza pamoja na zile za sita. Kufikia 2021, Deringer na wenzake waliiga mfumo wa atomu 100,000.

Suala hili si la maneno matupu. Mwaka 1971 Weaire na Thorpe walionyesha kihisabati kuwa pengo la nishati, sifa bainifu ya nusukipitishi, laweza kutokana na ujirani huo wa atomu nne pasipo urudiaji wowote. Mwanafunzi aliyefundishwa "isiyo na umbo" hataelewa kwa nini silikoni amofasi hufanya kazi katika paneli za jua.

Kwa mwanaisimu, hali hii si ngeni: matini hutii kanuni za ujirani wa maneno bila kurudia sentensi moja. Hivyo, inafaa "amofasi" ibaki neno mkopo, na fasili yake iwe "yenye mpangilio wa masafa mafupi, isiyo na mpangilio wa masafa marefu".